Uvimbe wa pankreasi: acheni sindano iutafutie jina

Mutu akigeuka manjano na kukonda mu kartye yetu, kila jirani yuko na jina la ugonjwa wake: sumu, buloji, ini, pombe. Mwenye hana jina bado ni munganga peke yake, mupaka apate kipande cha kutazama. Leo tuongee juu ya kile kipande: namna waganga wanachoma uvimbe wa pankreasi na sindano wakati tumbo liko wazi, na juu ya nini familia zetu hazipaswi kukatala.

Tulikuwa watu wane mu koridoro ya hospitali: muke wa kamarade wetu, ndugu yake mukubwa, kijana wake wa kwanza na miye delege wa sindikati. Mupasuaji alitoka kutuona, picha za skaneri mu mukono.

«Mama, kuko kivimbe ku kichwa ya pankreasi ya baba. Kesho nitafungua, nitaangalia. Kama siwezi kukitosha, nitapitisha nyongo kwa njia ingine, ile manjano imutoke. Lakini mbele ya kufunga nitakichoma na sindano, tupate kitu ya kupeleka ku labo. Munakubali?»

Ndugu mukubwa alijibu mbele ya mama.

«Apana, docta. Ile kitu ukiitoboa inaamuka, inaenea mu mwili yote. Tulisha kuona. Baba yetu mudogo, tangu bamuguse na kisu, hakumaliza mwezi.»

Mama alinyamaza, akaniangalia miye. Sikuwa na jibu. Delege anajua kuhesabu saa za ziada na kusoma karatasi ya mushahara, pankreasi si kazi yake. Tukaingia mu chumba kumuuliza mwenyewe.

Kamarade wetu alikuwa mutu wa sondaji. Miaka 17 alitoboa mawe, akitoa zile karoti za mawe, akizipanga mu sanduku, mita kwa mita, mujeolojia aje kuzisoma. Alikuwa amekonda, macho kama kiini cha yai, anajikuna mikono bila kupumuzika. Alisikiliza ndugu yake mupaka mwisho, halafu akasema:

«Yaya, miye njo ninatoboa. Bila karoti, mujeolojia anasimama pale juu ya kilima anasema nini? Anabahatisha tu. Munataka docta abahatishe mu tumbo yangu? Atoboe.»

Akatia kidole ku karatasi. Kutoka siku ile nilianza kuuliza waganga na kusoma, juu niliona kama si ndugu yake peke mwenye woga huu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kiungo chenye kujificha

Pankreasi, mu vitabu vya Kiswahili wanaiita kongosho, ni kiungo cha urefu wa sentimita 15 hivi. Imelala nyuma ya mufuko wa chakula, mbele ya mufupa wa mugongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa matumbo, pahali panaitwa duodenumu. Mukia wake unaelekea upande wa kushoto. Iko na kazi mbili: inatoa maji makali ya kuyeyusha bukari, nyama na mafuta tunayokula, na inatoa ensulini yenye kupima sukari mu damu.

Mufereji wa nyongo, kutoka ku ini, unapita ndani ya kichwa cha pankreasi mbele ya kufika ku matumbo. Uvimbe ukiota pale, unaminya ule mufereji kidogo kidogo mupaka unaziba. Nyongo inarudi mu damu. Ndiyo maana macho na ngozi vinageuka manjano, mukojo unakuwa mweusi kama chai, choo kinakuwa cheupe kama pemba, na mwili unawasha usiku muzima.

Uvimbe ukiwa mu mwili ao mu mukia wa pankreasi, hauleti manjano upesi. Unaleta maumivu juu ya kitovu yenye kupita mupaka mugongoni, kukosa hamu ya chakula, kukonda, na mara ingine sukari yenye kuanza gafula ku mutu mukubwa ambaye hakuwa nayo. Hapa wachimbaji tunajidanganya sana. Mutu wa kazi yetu akiumwa mugongo anasema: ni machini, ni mizigo, ni kuinama mu galeri. Anameza parasetamoli, anarudia posti. Maumivu ya mugongo yenye kutembea pamoja na kukonda si ya machini. Ile muonyeshe munganga.

Si kila manjano ni pankreasi pia. Virusi vya ini, mawe mu kifuko cha nyongo, malaria kali, vyote vinaweza kuleta macho manjano. Ekografi ya tumbo na skaneri ndivyo vinaonyesha kama kuko uvimbe, uko wapi, na kama umekamata mishipa mikubwa ya damu yenye kupita pale karibu. Lakini picha inaonyesha umbo. Jina la ugonjwa haliandikwe ku picha.

Vidole pia vinadanganyika

Nilizani mupasuaji akisha kufungua tumbo, akaona na kugusa, mambo yamekwisha. Waganga walinikatalia. Pankreasi yenye kanseri ni ngumu chini ya vidole. Lakini pankreasi yenye ilichomeka miaka mingi, ile wanaita pankreatiti sugu, nayo ni ngumu vilevile. Pombe kali na tumbaku ndivyo vinaileta mara nyingi, na sote tunajua lutuku inafanya nini mu makampi yetu siku ya mushahara. Mupasuaji mwenye miaka 30 ya kazi anaweza kushika hizo mbili na asijue kutofautisha.

Na si hizo mbili tu. Kuko vivimbe vya chembe zenye kutengeneza homoni, vyenye kukomaa polepole kuliko kanseri ya kawaida ya pankreasi, na mutu anaweza kuishi navyo miaka mingi kama vimetunzwa. Kuko limfoma, kanseri ya chembe za ulinzi wa mwili, yenye kutunzwa na dawa, si na kisu. Na kuko tibi. Ndiyo, ileile tibi ya mapafu inaweza kukaa mu pankreasi na mu matezi ya pembeni yake, ikafanya uvimbe wenye kufanana kabisa na kanseri ku skaneri. Si mara nyingi. Lakini sisi watu wa vumbi ya mawe tujue: vumbi ya silika inaongeza hatari ya kupata tibi. Mutu mwenye tibi ya pankreasi anahitaji vidonge vya miezi, na anaweza kupona. Ukimurudisha ku nyumba akufe kama mutu wa kanseri, umemuua juu ya kukosa kipande kimoja cha kutazama.

Upande wa pili, ukimupasua operasyo kubwa bila sababu, umemuweka pia mu hatari. Operasyo ya kutoa kichwa cha pankreasi inaitwa Whipple, juu ya munganga Allen Whipple wa New York, mwenye aliandika juu yake mu mwaka 1935. Wanatoa kichwa cha pankreasi, duodenumu, kifuko cha nyongo na kipande cha mufereji wake, mara nyingi na sehemu ya mufuko wa chakula. Halafu wanaunganisha upya vyote vyenye kubaki. Ni kazi ya masaa mengi. Mu hospitali zenye kuifanya kila juma, wagonjwa chini ya 5 kati ya 100 wanakufa juu yake. Pahali wanaifanya mara moja moja, wanakufa wengi zaidi.

Ndiyo maana uvimbe unapaswa kuwa na jina.

Sindano inafanya nini

Kwa uvimbe wa kichwa, mupasuaji anaachanisha kwanza duodenumu na kichwa cha pankreasi kutoka nyuma, palipoegemea mugongo. Sasa anaweza kuweka vidole nyuma na kidole gumba mbele, akashika uvimbe kati ya mukono wake. Anatafuta pahali pagumu zaidi. Kama kuko mashine ndogo ya ekografi mu sale ya operasyo, inamusaidia kuona mishipa ya kuepuka.

Halafu anaingiza sindano nyembamba. Ile wanatumia sana iko na unene wa milimita 0,7 hivi. Kamarade, haipite ile ya kukutoboa nayo mu mukono ao mu tako, inaipita urefu tu. Imefungwa ku sirenge. Ikisha kuingia mu uvimbe, anavuta sirenge, hewa inanyonya, na anatembeza ncha ya sindano mbele na nyuma mara kadhaa, akibadilisha njia kidogo. Anaacha kunyonya, ndipo anaitoa. Anarudilia mara mbili ao tatu pahali mbalimbali.

Chenye kutoka ni tone tu. Wanalimwaga juu ya kioo kidogo, wanalipaka liwe jembamba, wengine wanalitia mu alkoli palepale chembe zisiharibike. Mu labo wanazitia rangi na kuziangalia na mikroskopi. Chembe nzuri zinafanana, zimepangana kama matofali ya nyumba iliyojengwa na muashi wa kweli. Chembe za kanseri zinapandana moja juu ya ingine, viini vyake ni vikubwa na havilingani. Mwenye kuzisoma ni munganga wa anatomopatolojia. Yeye ndiye mujeolojia wetu hapa.

Sindano hii ina historia ndefu. Mu mwaka 1930, Hayes Martin na Edward Ellis wa New York waliandika namna ya kunyonya chembe za uvimbe na sindano. Nyuma yao, waganga wa Sweden walichukua sindano nyembamba zaidi na kuifanya kuwa kazi ya kila siku mu miaka ya 1950 na 1960. Ku mwanzo wa miaka ya 1970, palepale Sweden, wapasuaji walikuwa wanachoma pankreasi wakati wa operasyo na kupata jibu ku chembe. Mbele ya hapo njia ya kawaida ilikuwa kukata kipande na kisu, ao kutumia sindano nene.

Hizo njia mbili ziko mupaka leo. Sindano nene, ya milimita 1 mupaka 2, inatoa kipande kirefu kama karoti yetu ya sondaji, na hapo munganga wa labo anaona chembe na namna zimekaa pamoja. Kwa limfoma na kwa tibi inasaidia zaidi. Lakini kadiri chombo kinakuwa kinene, kadiri hatari inapanda: damu kutoka, pankreasi kukasirika na kuchomeka, ao maji yake makali kuvuja mu tumbo. Juu ya kuepuka kuvuja, kwa uvimbe wa kichwa wapasuaji wanaweza kupitisha sindano ndani ya duodenumu kwanza: tundu likivuja, maji yanaanguka mu matumbo, pahali pake pa kila siku. Na kama mupasuaji anaona alama nyeupe ku ini ao tezi lenye kuvimba, anaweza kuchukua kipande pale na kuacha pankreasi itulie. Jibu la pale linaweza kutosha.

Mu hospitali kubwa za inchi tajiri, leo sindano inapita mara nyingi mbele ya operasyo: wanaingiza mupira wenye kamera na ekografi kupitia kinywa mupaka mu duodenumu, wanachoma kutoka pale. Ile machini haiko mu hospitali nyingi za kwetu. Ndiyo maana operasyo ya kufungua njia ya nyongo ni nafasi ambayo wagonjwa wengi wa huku hawataipata mara ya pili. Tumbo likifungwa bila kuchukua chembe, nani atalifungua tena?

«Hatukukuta» si «hakuna»

Hapa nataka tusikilizane vizuri, juu familia nyingi zinaanguka mu kosa hili.

Jibu la labo likisema kanseri iko, karibu kila mara ni kweli. Kukosea upande huo ni mara chache sana. Lakini jibu likisema «hatukuona chembe za kanseri», haimaanishi kanseri haiko. Kanseri ya pankreasi inajificha mu makovu magumu. Ndani ya uvimbe mumoja kuko pahali pa chembe nyingi na pahali pa makovu matupu. Na pembeni ya kanseri kuko pankreasi yenye kuchomeka tu. Sindano ikianguka mita moja pembeni ya mushipa wa shaba, karoti inatoka tupu, na shaba iko palepale chini. Watu wa sondaji wanajua.

Kwa hiyo mupasuaji anaweza kukwambia: labo haikuona kitu, lakini kwa picha na kwa yote niliyoona, nashauri tukitoe. Hakudanganyi. Anaweza pia kusema tangu mwanzo: uvimbe huu unaweza kutoka wote, sihitaji sindano kwanza, nitautoa na tutausoma muzima. Hilo nalo ni sahihi. Kwa uvimbe wenye kuweza kutoka, waganga wengi wanafanya hivyo. Lakini mbele ya kuanza dawa za kanseri, zile za kuporomosha nywele, jina linahitajika. Hakuna munganga wa kweli atakayeanza kukupa dawa hizo kwa kubahatisha.

Mu hospitali zenye munganga wa labo karibu, anaweza kusoma kioo palepale wakati mugonjwa angali amelala: kutia rangi na kuangalia inachukua dakika, anasema chembe ziko za kutosha ao rudilia. Kwetu, mara nyingi kioo kinasafiri. Jibu linakuja nyuma ya siku nyingi.

Woga wa kuamusha kanseri

Ndugu mukubwa hakuwa mujinga. Alikuwa ameona mutu akipasuliwa na kukufa ndani ya mwezi. Sote tumeona. Lakini tuangalie ile saa mutu alifika ku hospitali. Alikaa miezi ku dawa za kienyeji, ku maombi, ku mufumu, na ku famasi ya barabarani. Alifika hana nguvu tena. Kati ya watu 100 wanaogunduliwa na kanseri ya pankreasi, hata huko Ulaya na Marekani, ni 15 mupaka 20 tu ambao uvimbe wao ungali unaweza kutolewa. Kisu hakikuleta kifo, kilikikuta njiani.

Je, sindano inaweza kuacha chembe ku njia yake? Inaweza, imeshaonekana, lakini ni mara chache sana na sindano nyembamba. Waganga wanaipima ile hatari, ndiyo sababu ingine ya kuacha sindano wakati uvimbe unaweza kutoka wote. Kwa uvimbe wenye hauwezi kutoka, hatari ya kukosa jina ni kubwa kuliko hatari ya sindano.

Kitu kingine chenye kutisha familia: operasyo inachelewa siku mbili ao tatu, mugonjwa anapewa sindano za vitamini K, wanamupima damu. Watu wanasema hospitali inakula feza. Hapana. Nyongo ikikosa kufika ku matumbo, mwili unakosa vitamini K, na damu inakuwa nyepesi, haigandi vizuri. Kuchoma mutu kama huyo bila kumutengeneza ndiko kubaya.

Sanduku la vioo ku dirisha

Operasyo ya kamarade wetu ilifanyika. Uvimbe ulikuwa umekamata mushipa mukubwa, haukuweza kutoka. Mupasuaji aliunganisha mufereji wa nyongo na matumbo, akachoma uvimbe mara tatu, akapaka vioo, akakata pia tezi moja na kulitia mu formoli. Nyuma ya majuma mawili macho yalianza kurudia rangi yake. Mikono ikaacha kuwasha. Alilala usiku muzima kwa mara ya kwanza tangu miezi.

Lakini vioo? Nilivikuta mu sanduku ndogo ku dirisha la ofisi. Kampuni ya sutretansi yenye ilimuajiri ilisema inalipa operasyo na dawa, lakini fakitire ya labo ya inje hapana, juu «haiko ku liste». Vioo vilikaa siku 19. Ndugu na kamarade, siku 19 jina la mutu lilikaa ku dirisha juu ya karatasi moja yenye kukosa sahihi.

Code du travail yetu, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba muajiri atoe kwa mufanyakazi na familia yake matunzo ya munganga, ya upasuaji, ya dawa na ya kulala hospitali. Operasyo yenye kutoa kipande bila kukisoma haijakwisha. Ni kama kulipa sondaji na kukatala kulipa mujeolojia. Tuliandika barua, tukaenda ku inspeksio ya kazi. Wakati tunangoja, watu wa ekipe yake walichanga, vioo vikapanda mutokari ku Lubumbashi. Feza ile kampuni iliirudisha nyuma ya miezi mitatu.

Mu mazungumuzo ya konvansio kolektivu yenye kuja, delege wa kila posti aombe maneno haya yaandikwe wazi: kusoma vipande vya mwili mu labo, na safari ya vile vipande, ni sehemu ya matunzo. Kwa wafanyakazi wa kampuni kubwa na kwa wa sutretansi sawasawa.

Maswali ya kuuliza

Kata hapa, uweke mu kitabu cha hospitali ya familia.

Mbele ya operasyo, muulize munganga kwa heshima: uvimbe uko wapi, na unaweza kutoka wote ao hapana? Utachukua kipande, na kama hapana, juu ya nini? Utatumia sindano nyembamba, sindano nene ao kisu? Damu yake imepimwa kama inaganda? Kama mugonjwa alipata tibi zamani, ao mu nyumba kuko mwenye tibi, mwambieni bila haya. Mwambieni pia ukweli juu ya pombe na tumbaku.

Nyuma ya operasyo, muulize: vipande viko ngapi, vimewekwa mu nini, vinaenda labo gani, nani anavipeleka, nani analipa? Andikeni siku vilipoondoka. Jibu likifika, ombeni kopi ya karatasi. Ni yenu.

Na jibu likisema «hatukuona», muulize: chembe zilikuwa za kutosha? Tunafanya nini sasa, tunangoja, tunarudilia, ao tunatoa?

Karatasi ya labo

Tusidanganyane. Jibu la kamarade wetu lilikuwa kanseri. Hata mu inchi zenye kila chombo, kati ya watu 100 wa kanseri ya pankreasi, wanaokuwa wangali wazima nyuma ya miaka 5 hawapite sana 10. Yeye aliishi miezi minane. Lakini alijua ni miezi ya nini. Aliacha kulipa mufumu wa tatu ambaye ndugu zake walikuwa wamemutafuta. Alitengeneza makaratasi ya watoto ku komini, akaonyesha muke wake kila karatasi ya kazi pahali iko, akampeleka kijana wake wa kwanza kwa nahodha wa ekipe kumuombea kazi ya kujifunza. Dawa za maumivu alizipata juu munganga alijua anatunza nini.

Miaka kadhaa mbele yake tulizika kamarade mwingine, mutu wa baruti, mwenye manjano ileile. Yeye walimufungua, wakaangalia, wakafunga. Hakuna sindano, hakuna kioo, hakuna karatasi. Nyuma ya kilio, ndugu wa mume walisema muke ndiye alimutia sumu juu ya makuta ya mwisho wa kazi. Walimufukuza ku nyumba na watoto wane. Nilikwenda kumutetea. Waliniuliza: «Baba delege, kama si yeye, ni nini ilimuua?» Sikuwa na kitu mu mukono.

Safari hii, usiku wa kilio cha kamarade wetu wa sondaji, maneno yaleyale yalianza kuzunguka pembeni ya moto. Shangazi mumoja alianza kusema juu ya chakula, na juu ya nani alikipika. Ndugu mukubwa, yuleyule mwenye alikatala sindano mu koridoro, alisimama, akatoa mu mufuko wa koti karatasi ya labo yenye kukunjwa mara ine, akaisoma kwa sauti mupaka ku sahihi ya munganga.

Halafu akaikunja, akamupa mama.

«Shemeji, weka. Hii ni yako.»